Marudio ya Kukhu

Kila jioni Nelima alipotoka shuleni alipitia dukani kwa Tabby kununua maziwa ya chai, na mara nyingi vidonge vya manjano vya mafua vya Kukhu. Kukhu ndivyo alivyomwita bibi yake, kama wasemavyo watu wa kwao Bungoma, ingawa Nelima mwenyewe alizaliwa papa hapa Kiganjo, Thika, na Bungoma aliijua kwa Krismasi tu. Kukhu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo. Vumbi la pamba lilimwachia kikohozi na mafua yasiyokwisha, na vile vidonge vilimtuliza. Tena vilimtuliza kupita kiasi, maana siku hizi aliweza kusinzia na kikombe cha chai mkononi.

Wazazi wa Nelima walikuwa watu wa kazi. Baba yake, Nicanor, alifanya kazi ya zamu kiwandani, na mama yake alipika katika mkahawa mmoja wa nyama choma kule Kamakis, Ruiru. Mchana kutwa Kukhu alibaki peke yake nyumbani, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mara amwite Nelima kwa jina la shangazi yake. Mara asahau kama amekula. Kisha siku moja aliacha maharagwe motoni yakaungua mpaka majirani wakabisha mlango wakidhani ploti nzima ya nyumba za kupanga inateketea.

"Mama akiendelea hivi, itabidi arudi nyumbani Bungoma akae na dada yangu," Baba alisema jioni hiyo. "Sitaki, lakini nifanyeje? Siku moja atajiumiza."

Nelima alimsikia akiwa jikoni. Kukhu ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyekaa macho alipougua. Nyumba bila Kukhu hakuweza hata kuifikiria.

Jumapili iliyofuata likatolewa tangazo kanisani. Watafiti kutoka chuo kikuu wangekuja kwenye ukumbi wa kanisa kuwauliza wazee maswali ya kumbukumbu. Walitaka wazee wa kila aina: wakulima wa Kalimoni, wafanyakazi wa viwandani wa Thika na Ruiru, waliosoma na wasiosoma, wenyeji na waliohamia.

"Mama ataenda," Baba alisema. "Wakituambia yuko sawa, nitatulia. Wakisema hayuko sawa, basi tutajua la kufanya."

Sasa, mwanafunzi wa Gredi ya Sita akisikia kwamba kuna maswali na kuna watu wa kuyasahihisha, anajua jambo moja tu: huo ni mtihani. Na mtihani hauendewi mikono mitupu. Unatafuta maswali yaliyopita, unafanya marudio, unayarudia tena mpaka yanatoka yenyewe. Nelima alikuwa amefundishwa hivyo tangu Gredi ya Kwanza, naye hakuona kwa nini iwe tofauti kwa Kukhu.

Maswali yaliyopita aliyapata bila shida. Babu ya rafiki yake Beth, Mzee Njau ambaye Beth alimwita Guka, alikuwa karani mstaafu mwenye majivuno kidogo, na aliitwa ukumbini siku ya kwanza. Aliporudi alimsimulia kila mtu jinsi alivyojibu.

"Guka amekumbuka kila kitu!" Beth alimwambia Nelima walipokuwa wakirudi kutoka shuleni. "Kwanza unaulizwa tarehe. Halafu unasomewa maneno uyashike kichwani. Halafu unachora saa na mishale yake. Hiyo saa ndiyo imesumbua watu."

"Hebu nipe hayo maneno, yote," Nelima alisema.

Marudio yakaanza jioni hiyo hiyo mezani. Kukhu hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Aliishika penseli kama anashika mwiko, na duara lake la kwanza lilikuwa na pembe.

"Nelima, mimi niliamka kwa king'ora cha kiwanda. Saa ya ukutani ilikuwa ya wakubwa," alilalamika. "Ya nini hii?"

"Ni mtihani, Kukhu. Ukianguka utapelekwa Bungoma."

Kukhu alimtazama mjukuu wake, akaona macho yamejaa machozi, akaichukua tena penseli. Alichora usiku huo na usiku uliofuata. Maneno aliyakariri huku akichambua sukumawiki. Siku ya kwenda ukumbini ilipofika, Nelima alimpitishia kila kitu mara ya mwisho, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, wakaenda pamoja.

Ukumbini palikuwa na meza mbili na kiongozi wa watafiti, mwanamke mpole aliyeitwa Daktari Ngendo. Msaidizi wake, Lenny, ndiye aliyeuliza maswali. Nelima aliketi kwenye benchi la nje karibu na dirisha na kumsikia Kukhu akiyataja maneno yote moja baada ya jingine. Saa ikachorwa, mishale ikakaa mahali pake. Lenny alimsifu, na Kukhu akatoka akitabasamu kwa haya. Nelima nusura aruke kwa furaha.

Aliyefuata alikuwa Bibi Kaluki, jirani yao aliyetoka Ukambani zamani kuja kuvuna mananasi. Bibi Kaluki alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Aliingia akitania, lakini alipotoka aliketi karibu na Kukhu na kujifuta macho kwa kanga.

"Wamenipa kalamu nichore saa," alisema polepole. "Mkono umekataa kabisa. Kumbe akili yangu imeisha na sikujua."

"Haijaisha," Kukhu alisema, kisha akamtupia Nelima jicho.

Dirishani sauti ya Lenny ilisikika. "Daktari, nadhani lile swali la saa tuliache lilivyo. Tulihofia litawaonea wasiosoma, lakini yule mama wa kiwandani hajasoma na amechora vizuri sana. Hata yeye akiweza, basi huyu aliyeshindwa huenda ana tatizo kweli."

Furaha yote ikamtoka Nelima. Alijua kwa nini Kukhu aliweza. Bibi Kaluki hakuwa na mjukuu wa kumfanyisha marudio, na sasa alikuwa akilia kwa sababu ya saa ambayo Kukhu naye asingeweza kuichora wiki iliyopita. Lakini akisema kweli, Kukhu atarudishwa. Alikaa palepale akivuta uzi wa sweta yake, akitamani mtu mwingine aseme badala yake. Hakuna aliyesema. Bibi Kaluki akapenga kamasi, akainuka ili aende zake.

Nelima akasimama. "Bibi, tafadhali ngoja," alisema, akaingia ndani kabla hajabadili nia.

"Daktari, shikamoo. Kukhu hakujua yale majibu. Ni mimi nilimfundisha. Nilipata maswali kwa Beth." Machozi yakamtoka. "Bibi Kaluki si mgonjwa. Ni kwamba hajafundishwa. Na tafadhali msimpeleke Kukhu Bungoma."

Lenny aliinamisha kichwa, akaona aibu ya kusema mambo ya watu karibu na dirisha. Daktari Ngendo alimvutia Nelima kiti.

"Marahaba. Keti. Nani amekuambia sisi tunampeleka mtu Bungoma?"

Nelima akaeleza yote, kuanzia maharagwe hadi marudio. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita Kukhu na Bibi Kaluki ndani.

"Mama zangu, mtuwie radhi," alisema. "Hatukuja kuwapima ninyi. Tumekuja kuyapima haya maswali. Yalitungwa ng'ambo kwa watu waliokaa shuleni miaka mingi. Tunataka kujua kama hapa kwetu yanamtambua mtu mwenye shida ya kumbukumbu, au yanamwonea tu mtu ambaye hakupata shule. Bibi Kaluki, kushindwa kwako kuchora kunatuambia swali hilo lina kasoro. Jibu lako ni la thamani."

"Kwa hivyo akili yangu bado ipo?" Bibi Kaluki aliuliza.

"Ipo, na ulimi pia upo," Daktari alisema, na Bibi Kaluki akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipotoka ndani.

Kukhu aliulizwa upya kwa maneno mengine asiyoyajua. Safari hii alikumbuka machache, na katikati ya maswali kope zikamlemea. Nelima alifumba macho yake kwa hofu. Lakini Daktari hakuandika haraka. Alimtazama Kukhu kwa makini.

"Mama, kuna dawa unazotumia?"

"Za mafua tu. Mtoto huninunulia dukani. Zamani kimoja usiku, siku hizi na asubuhi na mchana pia."

Nelima alieleza kwamba ni vidonge vya manjano. Daktari akatikisa kichwa. "Vidonge hivyo huleta usingizi, na kwa mtu mzima wa umri wako huweza kuvuruga kumbukumbu kabisa. Sisemi hiyo ndiyo sababu yote. Nenda kliniki wakutazame kifua, wakupe dawa inayokufaa. Kisha rudi kwangu."

Baba aliposikia habari hiyo jioni hakukasirika. Aliomba ruhusa kazini akampeleka mama yake kliniki mwenyewe. Kukhu aliachishwa vidonge vya manjano, akapewa dawa nyingine ya kifua. Haikupita muda mrefu akaanza kumkemea Nelima kwa jina lake halisi. Aliporudi ukumbini alijibu bila marudio yoyote. Alikosea hapa na pale kama mtu yeyote wa umri wake, na Daktari akasema hilo halimtishi. Swali la saa nalo liliondolewa kwa wasiosoma. Badala yake waliombwa kupanga njiti za kiberiti kufuata mfano, na Bibi Kaluki alizipanga huku akisimulia habari za mume wake.

"Mama haendi popote," Baba alisema wakiwa mlangoni pa ukumbi.

Nelima alimkumbatia Kukhu kwa nguvu. Kisha akamgeukia Daktari. "Lakini nilidanganya. Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza kama ungenyamaza," Daktari Ngendo alisema. "Ulimpenda bibi yako, ukataka aonekane mzima. Lakini majibu yako mazuri yangemficha asipate tiba, na yangemwita jirani yake mgonjwa bure. Uongo wa kumsaidia mtu mmoja haukai kwa huyo mmoja, Nelima. Humfikia na asiyekuwepo. Ulipokuja kusema kweli ukilia, uliwasaidia wazee ambao hutawahi kuwaona."