Dawa Ilikuwa Mfukoni

Akufaaye kwa dhiki huenda ndiye atakayekuzika. Tangu Serikali ipunguze wafanyakazi, Castory, karani wa zamani, alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfaa: Ulimboka. Kila jioni, katika kilabu cha pombe pale Chang'ombe, Ulimboka alinunua na Castory alikunywa.

Jioni moja binti wa Castory, Brightness, alishikwa na homa. Mkewe, Aneth, alimtuma dukani kununua dawa. Castory alirudi asubuhi. Dawa ilikuwa mfukoni. Mtoto alikwisha kuokolewa na jirani yao, nesi Dorkasi.

"Ukinywa tena, narudi kwetu Mkonze na mwanangu," alisema Aneth. Hakupandisha sauti.

Castory alimwendea Dorkasi.

"Asubuhi mikono inatetemeka?" nesi aliuliza.

"Inatetemeka, sista."

"Basi usiache ghafla peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kukuangusha kwa kifafa, hata kukuua. Twende hospitali wakusimamie. Ukirudi nyumbani, kiu ikija, andika hadithi ya yaliyotokea."

Alipotoka hospitali, Castory alimpelekea karatasi. Dorkasi alisoma: "Yah: Matumizi ya Kileo. Tafadhali rejea somo hapo juu." Alicheka mpaka akaketi.

"Baba Brightness, hii ni barua ya kuomba likizo. Mtoto yuko wapi? Wewe uko wapi? Huko kilabuni mlisemezana nini?"

Castory alichukua karatasi yake. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyazunguka.

Jioni kiu ilimkaba. Akaandika: "Dawa ilikuwa mfukoni. Niliigusa mara tatu. Ulimboka akasema, 'Homa ya mtoto haina haraka, mheshimiwa.' Nikakaa."

Alipoinua kichwa, chai aliyowekewa na Aneth ilikuwa imepoa. Kiu ilikuwa imepita.

Ilirudi kesho yake, naye akaandika tena. Kila wiki alikwenda kupimwa. Miezi minane ikapita, Aneth hajafunga mzigo. Ndipo Dorkasi akamwomba awasomee hadithi yake wengine waliotaka kuacha pombe, kwenye benchi la zahanati.

Habari zilimfikia Ulimboka. Akaja.

"Karani, pombe yangu umekunywa, kisha umenitangaza mji mzima. Niombe radhi."

"Mke wangu nimemwomba. Mtoto nimemwomba."

"Na mimi je?"

Castory alikunja karatasi zake.

"Kesho saa tisa nasoma tena. Njoo, benchi lina nafasi. Radhi siombi."