Waya Ulionyofolewa

Jumatatu saa mbili asubuhi kamera moja ilionekana haipo, na kufikia saa nne meneja wa kituo cha simu za wateja alikuwa ameshamwita Mama Miwani, askari mstaafu aliyekuwa akifanya upelelezi kivyake.

"Meneja, mgeni wako amefika," alisema dada wa mapokezi bila kuinua macho.

"Leo nimekuwa meneja?" Bwana yule alicheka, akamgeukia mgeni. "Huyu ni mdogo wa mke wangu. Siku zote ananiita shemeji."

Dada hakucheka.

Ghorofa ya tatu kila meza ilikuwa na kamera yake darini, zote za kampuni moja ya programu, zikihesabu hata miayo ya watu. Meneja alionyesha ukuta wa korido. "Ilikuwa hapa. Kama si fundi umeme, basi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Kamera hizi amezipigia kelele mwaka mzima."

Mama Miwani alipapasa ukuta. Rangi ilikuwa laini, hakuna hata tundu la skrubu.

Alimkuta fundi umeme stoo.

"Kamera ya korido uliifunga wewe?"

"Korido? Mimi nilivuta waya mpaka chumba cha kina mama. Niliambiwa ni wa saa ya ukutani."

"Saa inahitaji waya wa intaneti?"

"Nilimuuliza meneja hivyohivyo. Akasema nifanye kilichonileta."

Chumba hicho ndimo wafanyakazi wenye watoto wachanga walimokamulia maziwa, na ufunguo walikuwa nao wao tu. Mwakilishi, mwanamume, akatoka kwenye orodha ya washukiwa. Mmoja wa kina mama alimfungulia Mama Miwani mlango. Mkabala na kiti, ukutani, palibaki duara safi. Waya ulikuwa umenyofolewa pamoja na kipande cha plasta. Fundi angeukata kwa koleo. Aliyefanya hivi alikuwa na hasira.

Alirudi mapokezi. "Mwanao ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Na shemeji yako alianza lini kuwa meneja?"

Dada alifungua droo, akatoa saa ya ukutani. Chini ya namba kumi na mbili palikuwa na kioo kidogo cha kamera, kama punje ya mtama. "Ijumaa niliinua macho, nikaona kitu kinamulika. Nilikuwa kifua wazi, mama."

Saa tisa Mama Miwani aliiweka saa ile juu ya meza ya meneja.

"Mwizi ni nani?" meneja aliuliza.

"Tuanze na wewe. Ulinionyesha korido kwa sababu chumba chenyewe hakitajiki."

Meneja alijifuta jasho. "Ni programu tu, inapima dakika za mapumziko. Kampuni ya programu iliniahidi cheo cha meneja wao wa kanda nikiwapa vyumba vyote."

"Vyote. Na mdogo wa mke wako yuko kwenye kiti."

Mlango ulifunguliwa. Dada wa mapokezi aliingia, na kina mama wenzake wawili nyuma yake.

"Niliyeing'oa ni mimi," alisema. "Andika jina langu."

"Nimeandika la huyu," Mama Miwani alijibu. "Saa na ripoti vinakwenda polisi leo."

"Shemeji, haya tuyamalize nyumbani," meneja alisihi.

"Dada yangu, mkeo, ameshajua. Yuko njiani anakuja."

Dada wa mapokezi akavua viatu, akapanda kiti cha wageni, akashika waya wa kamera ya ofisi ile na kuuvuta kwa mikono miwili. Plasta ikamwagika mezani. Mlango ulikuwa wazi, na kule ukumbini, mmoja baada ya mwingine, watu walianza kupanda viti.