Masikio ya Manowari Corran

Daktari Pryce alikutwa amelala chali juu ya mawe ya gati la Londonderry, chini kabisa ya ngazi ya manowari Corran, mvua ikimnyeshea usoni. Ilikuwa saa moja asubuhi, Machi 1944. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Mkoba wake ulikuwa wazi, na kitabu cha fomu za wagonjwa kilikuwa kimechanwa ukurasa mmoja.

"Tunang'oa nanga saa kumi jioni," Kapteni Ainslie alimwambia Inspekta McCandless. "Msafara wa meli arobaini unatungoja. Nyambizi za Wajerumani nazo zinatungoja. Ukimpata mtu wako kabla ya hapo, vizuri. Usipompata, naondoka naye."

Kwa miaka ishirini McCandless alikuwa amepeleleza wezi wa ng'ombe na magendo ya siagi mpakani mwa Ireland. Manowari ilimvuruga akili. Kila mlango ulimrudisha alikotoka. Chini ya kucha za marehemu kulikuwa na nyuzi za sufu ya buluu, na mabaharia wote mia na arobaini walivaa sufu ya buluu.

"Nilisikia ugomvi juu ya ngazi," alisema mpishi Blenkin, akimenya viazi. "Lakini ugomvi gani ule, Bwana Inspekta? Daktari anafoka kama anauza samaki sokoni. Mwenzake anajibu taratibu, utadhani yuko kanisani."

"Mwenzake nani?"

"Ningemjua ningekwambia. Mie humu naona viazi tu."

Daftari la daktari lilionyesha kwamba jana yake alimpima mtu mmoja tu: Wilfred Tapscott, msikilizaji mkuu wa mitambo ya kuwinda nyambizi.

"Huyo ndiye masikio yangu," kapteni alisema. "Nyambizi hata ikikohoa, anaisikia."

Tapscott aliketi wima mbele ya meza.

"Jana daktari alikupima nini?"

"Kifua, afande. Kizima kabisa."

McCandless aliinamia daftari lake akiandika. "Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Plymouth, afande."

"Plymouth?"

"Miaka mitatu sasa, afande."

Sajini Doherty, msaidizi wa inspekta aliyeketi kando, aliangua kicheko. Inspekta hakucheka. Waongo aliwajua, mwongo hulisogeza jibu lake karibu na swali. Huyu majibu yake yalikuwa mbali mno, na wala hakuonekana kufanya mzaha. McCandless alijihisi kama mtu anayeota. Akainuka, akaenda dirishani, akampa mgongo.

"Tapscott, ulimuua Daktari Pryce?"

Alipogeuka, alimkuta Tapscott ametulia tuli, macho yamekazia midomo ya sajini, akingoja ifunguke.

Hapo akaelewa kwa nini daktari alikuwa akifoka, na ile Plymouth ilitoka wapi. Akaketi mbele yake, akatamka polepole, "Wewe husikii."

Mabega ya Tapscott yalishuka.

"Ni mabomu yetu wenyewe, afande. Yakilipuka chini ya maji nawe umevaa hedifoni..." Alivua buti, akatoa fomu iliyokunjwa. "Sikukusudia kumuua. Nilitaka karatasi tu. Alikuwa anampelekea kapteni. Nikamshika, akanishika, akateleza."

"Ungekaa nchi kavu, ukalala kitandani kwako. Kwa nini uliing'ang'ania karatasi?"

"Someni tarehe."

Kapteni, aliyesimama mlangoni, aliichukua fomu. Ilisema kwamba masikio yote mawili yalikufa tangu Desemba. Mwezi wa Februari meli ya mizigo ilikuwa imepigwa torpedo nyuma ya Corran, ikazama na watu sitini na wawili. Siku ile Tapscott ndiye aliyekuwa zamu.

"Niliripoti bahari ni safi," alisema Tapscott, sauti juu mno kwa chumba kile kidogo. "Nilikuwa nakisia. Baadaye mjane wa mmoja wao alinikaribisha chai. Akanishukuru kwa kujaribu, afande. Nikainywa ile chai. Kama ningeshushwa melini, wangeniuliza: tangu lini? Na mimi ningejibu nini?"

Kapteni aliugeukia ukuta.

"Mungu amsamehe," alisema. "Mimi siwezi."

Tapscott alitazama mgongo ule, kisha akamtazama inspekta. "Kasema nini?"

McCandless aliliokota buti, akamwekea karibu na mguu. Maisha yake yote alikuwa amewabana watu waseme kweli.

"Anasema uvae buti," alitamka polepole. "Nje kuna baridi."