Majina Kwenye Bamba la Shaba

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote mtaani Kaloleni. Mwaka ulikuwa 1979. Wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye mfereji, redio zikiimba madirishani, na Ndindi, aliyeishi mlango wa tatu kutoka kwa shangazi yangu, alikuwa akimlisha mdogo wake, Kavutha, uji kwa kijiko. Kavutha alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye kicheko cha kusikika nyumba nne. Sasa ilikuwa wiki ya tatu hawezi kuinuka. Madaktari walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakasema hawaoni kitu. Wazee wa kanisa waliomba, wakaondoka wakitazama chini. Jirani yao, Mama Wacuka, alimvuta Ndindi kando akamwambia huo si ugonjwa wa hospitali, afadhali amrudishe msichana Machakos akafie kwao. Ndindi alimjibu kwamba Kavutha hafi wala harudishwi. Kisha akamwomba akae na mgonjwa hadi jioni, akatoka.

Siku za wiki alifunga biskuti kiwandani. Jumamosi mchana alikwenda ukumbi wa kanisa kule Makongeni, kujifunza kuchapa picha kwa bamba la chuma. Baba yao alikuwa mchonga vinyago, na ule ustadi wa mikono Ndindi alikuwa ameurithi.

Mwalimu wao, mzee Laban, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliwaeleza jambo moja tu: kazi hii si kama muhuri wa ofisini, ambao wino wake hukaa juu. Hapa wino hukaa ndani. Unalikwaruza bamba kwa sindano, unalipaka wino lote, kisha unalifuta mpaka uso ung'ae. Wino unaobaki ni ule uliojificha kwenye mikwaruzo. Ukilifunika kwa karatasi iliyoloweshwa na kulipitisha chini ya rola nzito, karatasi huingia mle ndani na kuutoa. Na kila kitu hutoka kimegeuka, kulia kikawa kushoto.

Bamba la Ndindi lilikuwa la shaba. Alilipata kwa wauza vyuma chakavu wa Shauri Moyo, waliomwambia lilibanduliwa mlangoni mwa nyumba iliyobomolewa upande wa Muthurwa. Alilisugua kwa majivu na ndimu hadi likawa kama kioo. Halikuwa na alama hata moja. Lakini Laban alimshauri alichape likiwa tupu kwanza, kwa sababu kuna mikwaruzo ambayo jicho haliioni.

Siku hiyo wanafunzi wengine hawakuja. Jua la saa nane lilijaa ukumbini. Laban alizungusha gurudumu la mashine ya kuchapia, Ndindi akainua karatasi kwa ncha za vidole.

Ilikuwa na majina.

Yalikuwa tisa, moja chini ya jingine, kwa mwandiko mwembamba uliosimama wima. Yalisomeka sawasawa, na hapo ndipo Ndindi aliposhikwa na baridi. Aliyeyakwaruza aliyaandika kinyume. Alijua siku moja yatachapwa.

La sita lilikuwa Makau. Makau mwenye duka, walimzika Pasaka. La nane lilikuwa Norah, mke wa Javan dereva, walimzika Juni. Majina manane ya kwanza yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja, mrefu, kama unavyofuta neno daftarini.

La tisa lilikuwa Kavutha. Mstari wake ulikuwa umeanza. Ulikuwa umevuka K, ukavuka A, ukaishia kwenye V.

Laban alisema labda ni uchafu wa zamani. Alilipaka bamba wino mwenyewe, akalifuta, akalichapa mara ya pili. Mstari ulikuwa umevuka U.

Mzee alivua miwani. "Ndindi, wacha hiyo kitu," alinong'ona. "Tuitupe mtoni."

Ndindi alimuuliza kama jina likitupwa mtoni linafutika.

Basi akavuta kiti. Alichukua kikwangua, kile kisu chenye makali matatu cha kuondolea makosa, akakiweka pale penye K, ambayo sasa mabaki ya wino yaliionyesha. Jambo lenyewe alikuwa amefundishwa ukumbini humo humo. Mkwaruzo ukikwanguliwa hadi usawa wa bamba, wino hukosa mahali pa kukaa. Bila wino hakuna jina.

Akakwangua.

Shaba ililia. Baridi ilimpanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alikwangua K ikaisha. Akahamia A. Alipotupa jicho nyuma, K ilikuwa imerudi.

Akairudia.

Ndipo walipousikia. Ukucha. Ulikuwa ukikwaruza kutoka chini ya bamba, taratibu, bila haraka. Ndindi aliliinua. Chini palikuwa na meza tu. Alilirudisha. Ukucha ukaendelea.

Laban alikuwa ameshafika mlangoni. Hakutoka, lakini hakurudi.

"Kwaruza," Ndindi aliliambia bamba, kwa sauti ya chini. "Nami nakwaruza. Tuone nani atachoka."

Mikono ilimvimba. Damu ilimtoka chini ya kucha, ikachanganyika na vumbi la shaba. Hakuacha. Alikwangua mpaka pale mahali pakawa shimo pana, kama kijiko. Akapaka mafuta, akalainisha kwa chuma cha mviringo, akilala juu yake kwa uzito wake wote. Ukucha ukawa wa mbali. Ukakatika.

Alilipaka wino. Akalifunika kwa karatasi. Gurudumu likakataa. Kitu kilikuwa kikilisukuma upande wa pili. Ndindi alikanyaga mguu wa mashine, akavuta kwa mikono miwili, akimtaja mdogo wake kwa jina, tena kwa nguvu, jina zima.

Rola ikapita.

Kwenye karatasi yalikuwepo majina manane. Chini yake, doa jepesi la kijivu.

Aliporudi Kaloleni alimkuta Kavutha ameketi kitandani, akimsumbua Mama Wacuka kwa kutaka muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao. Alisema mtu aliyekuwa amemkalia kifuani aliondoka mchana, na aliondoka na hasira.

Majirani walimsihi Ndindi aache ile kazi. Mchungaji naye alimsihi. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika ukumbini. Laban alikuwa ameishusha ile karatasi ya mwisho kutoka kwenye kamba ya kukaushia, na alikuwa ameishika mbali na mwili wake. Aliigeuza.

Mgongoni palikuwa na kiganja. Hakikuwa cha wino. Karatasi yenyewe ilikuwa imevimba, kama vile mtu aliisukuma kutoka upande wa bamba. Ndindi aliweka mkono wake juu yake. Kilikuwa kikubwa kuliko chake, vidole virefu kuliko inavyofaa. Na hakikuwa na mstari hata mmoja, kama ilivyo mistari ya viganja vya watu. Kilikuwa laini kabisa.

Aliibeba nyumbani akaigongomea misumari ukutani, mkabala na mlango, kiganja kikitazama nje, kama mkono unaomzuia mwenyewe asiingie tena.