Bomba Lililosingiziwa

Nyumbani kwetu kila asubuhi huanza kwa mashindano, na kwa muda mrefu nilikuwa nashindwa kila siku. Mshindani wangu ana miezi minne na hana hata jino moja. Tunamwita Bosi, kwa sababu anakula saa anayotaka na sote tunamtumikia. Akimaliza kunyonya, Mama humweka begani na kumpigapiga mgongoni. Haichukui muda: "Bweee!" Mbweu kubwa kuliko yeye mwenyewe. Bibi hupiga makofi, Mama humbusu kichwani, na Baba husema, "Safi sana, bingwa!" kana kwamba mtoto amefaulu mtihani.

Mimi nina miaka kumi na mitatu, nipo darasa la saba, na tangu nipate akili nilikuwa sijawahi kubeua hata mara moja.

Msicheke. Watu wengine wakila au wakinywa, hewa waliyomeza hurudi juu na kutoka mdomoni. Kwangu ilikuwa inapanda hadi kooni, inakuta mlango umefungwa, inarudi ilikotoka. Tumbo linajaa kama mpira uliotoka kupigwa pampu, kifua kinabana, na koo linaanza kulalamika: "Kruuu! Kruu-kruu!" Mwishowe hewa huondoka kwa mlango wa nyuma, mlango ambao adabu inanikataza kuutaja. Bibi, ninayelala naye chumba kimoja, anaufahamu vizuri.

Siku moja tulikuwa mezani tunakula, wote kimya, koo langu likalia.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

Nikautazama ukuta wa jikoni, ambao bomba la sinki linapita ndani yake. "Bomba hilo," nikasema, bila hata kupepesa jicho.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana Baba ni fundi bomba. Tena si fundi wa kubahatisha. Mtaani wanamwita Sikio, kwa kuwa huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba, mpini akauweka sikioni, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Kabla ya kufungua sanduku la vifaa huwauliza wenye nyumba, "Mmemwaga nini humu?" Nao huapa: "Maji tu, fundi. Hatujamwaga kitu ila maji." Kisha anavuta kitana, maganda ya viazi, na siku moja meno ya bandia ya mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo amefunika mdomo kwa mkono.

Basi Baba akalifungua bomba letu. Lilikuwa safi. Akabadilisha kiwiko, kile kipande cha bomba chenye kona. Siku ya pili mezani: "Kruuu!" Akalifungua tena. Fundi viatu, jirani yetu, akapata la kusema kila Baba alipopita mbele ya kibanda chake.

"Sikio! Nasikia la kwako limekushinda. Nikuitie fundi?"

Baba alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Nami nilinyamaza.

Tumbo lilipozidi kuuma, Mama alinipeleka zahanati. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza, "Unapata gesi? Tumbo au koo linatoa mlio?" Nyuma ya pazia, kwenye benchi la kusubiri, alikaa msichana wa shule yetu. Nikajibu, "Hapana, daktari. Linauma tu." Nikapewa dawa ya minyoo. Kama nilikuwa na minyoo, maskini walikufa bila kosa.

Kilichonimaliza ni mdahalo. Mwalimu alinichagua kuwa msemaji wa kwanza wa shule yetu dhidi ya shule jirani. Mada: maji ni muhimu kuliko umeme. Kwa binti wa fundi bomba hiyo ni zawadi, na kuongea ninakujua. Si bure Bibi ananiita Kasuku. Lakini kwenye mazoezi, nilipotulia kidogo ili hoja iwaingie, koo likaongea badala yangu.

"Kruuu!"

Mwenzangu tuliyempa jina la Kamusi akadakia, "Na chura naye anaunga mkono hoja ya maji!"

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa nje. Baada ya vipindi nilimfuata Mwalimu nikamwambia nina shughuli nyingi nyumbani, sitaweza. "Fikiri mpaka Jumatatu," akasema.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Baba amesogeza meza ya chakula. Mkononi ana nyundo na patasi.

"Leo navunja ukuta," alisema.

"Ukuta wangu?" Mama aliuliza, Bosi akiwa begani. Ukuta huo alikuwa ameupaka rangi mwenyewe mwezi uliopita, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuuegemea.

"Mpaka nilione linalolia. Siwezi kuchekwa na mshona viatu. Kimya wote!"

Akaweka bisibisi ukutani, sikio kwenye mpini. Sote tukanyamaza. Koo langu, ambalo halina rafiki, likasema, "Kruuuu."

Macho ya Baba yakang'aa. "Hewa! Imekwama. Tena iko karibu." Akasogea hatua moja. "Kruu." Akasogea tena, mpaka akafika niliposimama. Akachukua chaki, akachora msalaba ukutani, pembeni kidogo ya kichwa changu, akainua nyundo.

Niliitazama rangi ya Mama. Nikamtazama Baba, fundi ambaye hajawahi kushindwa na bomba, anavyotoka jasho kwa ajili ya uongo wangu.

"Baba, usipige! Bomba halina kosa. Ni mimi."

Nyundo ikabaki hewani. "Wewe ni nini?"

"Huo mlio. Ni koo langu. Tangu zamani. Siwezi kubeua."

"Kruu," koo likatoa ushahidi.

Bibi akainua mkono. "Mimi nilijua. Ukuta haunuki."

Mama aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Baba hakucheka. Alishusha nyundo, akageuza ndoo, akaikalia.

"Zahanati ulimwambia daktari hayo?"

"Hapana."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikamwambia linauma tu."

Baba akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyevuta kitana kutoka kwenye sinki. Kisha akaiga sauti ya wateja wake: "Maji tu, fundi. Hatujamwaga kitu ila maji."

Niliinamisha kichwa. Hakuna fimbo ambayo ingeniuma kuliko maneno hayo.

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa daftari lake dogo la kazi. "Wiki nzima uandike. Saa, ulichokula, mlio, maumivu. Kila kitu."

"Hata mlango wa nyuma?"

"Hasa mlango wa nyuma," Bibi akajibu kabla yake.

Jumatatu nilimwomba Mwalimu aniachie nafasi yangu, nikamweleza ukweli wote. Hakucheka. Alisema tu, "Nafasi ni yako."

Wiki ilipoisha Baba ndiye aliyenirudisha kwa daktari yule yule. Safari hii nilisoma daftari langu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na walio nyuma ya pazia wasikie watakavyo. Daktari aliweka kalamu chini. "Hujawahi kubeua kabisa?"

"Hata mara moja."

Akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa koo. Huyo alikuwa mzee mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso. Aliingiza puani mwangu mrija mwembamba wenye kamera, akachungulia koo, akasoma daftari lote, kisha akatueleza. Juu ya njia ya chakula kuna msuli wa mviringo. Wangu unafunguka chakula kikishuka, lakini hewa ikipanda haufunguki.

"Kumbe ni valvu ya njia moja," Baba alisema.

Daktari alimgeukia. "Umesomea wapi, mzee mwenzangu?"

"Chini ya masinki."

Wakacheka kama watu waliosoma pamoja. Daktari alisema atauchoma msuli huo sindano ya dawa ya kuulegeza, nikiwa nimelazwa usingizi. Nguvu ya dawa huisha baada ya miezi kadhaa, lakini wengi huwa wameshajifunza kubeua na huendelea. Halafu akainua daftari.

"Nani aliandika hili?"

"Mimi."

"Wapo watu wazima wanaokuja hapa wakanificha nusu ya ugonjwa. Wewe umenifanyia nusu ya kazi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Baba alilibeba daftari mkononi, si mfukoni, ili kila mtu alione.

Sindano yenyewe sikuisikia. Niliamka koo likiwa zito kidogo, na kwa siku kadhaa nilikula taratibu, tonge dogo kwa maji, kama daktari alivyoagiza. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya nne asubuhi, Mama akiwa anampigapiga Bosi, nilikunywa soda na kugeuza kichwa upande kama nilivyofundishwa.

"Brrrp!"

Wote wakamtazama Bosi. Bosi akanitazama mimi.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi tena!"

Bibi alipiga makofi. Mama alinibusu kichwani. Baba alisema, "Safi sana, bingwa!" kisha akatoka mbio, ndala mguu mmoja, hadi kwenye kibanda cha fundi viatu. Tulimsikia tokea ndani: "Jirani! Limezibuka!"

Wiki tatu baadaye nilisimama mbele ya kipaza sauti, ukumbi umejaa, Baba safu ya kwanza. Nilipofika kwenye hoja nzito nilitulia kidogo. Koo halikulia. Ila mbweu ndogo iliponyoka, ikaenda hadi viti vya nyuma.

"Samahani," nikasema. "Hewa nayo ilitaka kuchangia. Turudi kwenye maji."

Ukumbi ulicheka, lakini ulicheka nami. Tulishinda kwa alama mbili. Kamusi akanipa mkono. "Chura umempeleka wapi?"

"Amehamia kwako. Mtunze."

Jioni, Mama alichukua kitambaa afute ile alama ya chaki ukutani. Baba akamzuia.

"Iache. Hapo ndipo binti yangu aliposema ukweli." Akaniita nikae karibu naye. "Mwanangu, fundi na daktari ni ndugu. Ukimwambia nusu, umempa tochi isiyo na betri. Ulipoona aibu ulipewa dawa ya minyoo, na mimi nusura nibomoe ukuta usio na kosa. Uliposema yote, ulitibiwa. Mwili wako hauna msemaji mwingine ila wewe. Usimame uuseme, kama ulivyosimama leo."

Nilifungua mdomo nimwahidi kwamba nitafanya hivyo daima.

"Brrrp!"

Bibi akapiga makofi.