Dumu la Oili Chafu

Kila alasiri Chiriku alimpelekea mama yake chakula kazini. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake usiopoa. Mama alisimamia mtambo wa kusafisha majitaka ya mji, na alipenda kutania kwamba ana vibarua wengi kuliko meya: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula uchafu bwawani mchana kutwa bila kudai mshahara. Vikishamaliza kazi, ndipo maji huachiwa yaende mtoni.

Siku hiyo hapakuwa na utani. Mama alisimama kando ya tangi la kwanza akitazama utando mweusi uliong'aa juu ya maji.

"Oili," alimwambia fundi wa pampu. "Ikifika bwawani, vibarua wangu watakosa hewa wafe. Uchafu wote utakwenda mtoni kama ulivyotoka chooni."

"Basi tufunge lango la kuingilia, dada."

"Tukilifunga muda mrefu, majitaka yatarudi nyuma yafurike majumbani mwa watu. Laiti ningejua ni oili kiasi gani! Kama ni dumu, tunafunga kidogo, tunaiopoa. Kama kuna gari linamwaga huko juu, tumekwisha."

Chiriku aliling'ang'ania bakuli la chakula. Mchana, alipotoka shule, baba yake mdogo, fundi wa magari, alimtuma apeleke dumu la oili chafu kwenye pipa la kukusanyia, kona ya mtaa. Lilikuwa zito, na wenzake walikuwa wakimwita wakacheze kamba. Alifunua chemba ya majitaka nyuma ya nyumba, akamimina yote, akanawa mikono.

Alimkumbuka shangazi yake, anayechota maji ya kunywa mtoni huko chini. Akaukumbuka na ukali wa mama. Aliogopa, akarudi hatua moja nyuma.

"Piga simu, watu wa chini wasichote maji," mama alimwambia fundi.

"Mama," Chiriku alisema. "Ni dumu moja tu. Lile la njano, la baba mdogo. Nilimwaga mimi."

Mama aligeuka. "Una hakika? Hakuna jingine?"

"Hakuna, mama. Haki ya Mungu."

"Funga lango!"

Mama na fundi walimwaga maranda ya mbao juu ya utando, kisha wakayaopoa kwa makopo yenye mipini mirefu. Chiriku, aliyekatazwa kusogelea tangi, aliwashikia magunia. Nyuma ya lango majitaka yalizidi kupanda.

"Dada, yanakaribia kumwagika!"

"Bado! Pale pembeni bado kuna oili!"

Waliopoa tena, na tena, mpaka maji yakabaki bila mng'ao.

"Fungua!"

Mama alikimbilia bwawani, akachota maji kwenye chupa, akayatazama, akayanusa. "Vibarua wangu wazima," alisema, akaketi chini palepale.

Chiriku alisubiri kofi. Halikuja.

"Baba yako mdogo atanisikia leo. Dumu lile si mzigo wa mtoto," mama alisema. "Lakini na wewe ulidhani ukishafunika chemba mambo yameisha. Kila mnachomwaga nyumbani kinapita hapa, kisha kinakwenda kwa shangazi yako. Uvivu wako ungemfikia kwenye kikombe. Ukikosea, mwanangu, sema wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

Mama alifunua bakuli. Chakula kilikuwa kimepoa.

"Kila siku nakwambia upunguze mdomo," alisema, akimpa kijiko. "Leo ungenyamaza, tungeangamia."