Sauti ya Ombati Nyuma ya Jiko

Harufu ya gundi ya pancha ilianza kusikika jikoni kwa Phelis mwezi wa tano, na nyumba hiyo haikuwa na baiskeli hata moja. Kibanda cha ufundi cha Ombati, mumewe, pale sokoni Merigi, kilikuwa kimepigwa kufuli na polisi tangu mwaka ulipoanza. Gundi yenyewe walikuwa wameimwaga barabarani. Sasa harufu ilikuwa mbichi kabisa, kana kwamba mtu ameketi nyuma ya mafiga anabandika tyubu. Phelis alifungua dirisha, akafagia, akamwaga maji. Harufu haikutoka.

Ombati alikuwa fundi wa baiskeli mwenye masikio makubwa. Watu wa mashamba ya chai walikaa kwake wakingoja pancha zao, wakazungumza, naye yale aliyoyasikia aliyaandikia gazeti moja la Nairobi. Heri angeandika habari za mpira! Aliandika kwamba shamba la mzungu lililoahidiwa maskwota wasio na ardhi limegawanywa na wakubwa, tena akawataja. Wiki haikuisha, Landrova ya polisi ikaja kumchukua mchana kweupe, soko zima likitazama. Lakini kila Phelis alipokwenda kituoni Kericho kuuliza, majibu yalikuwa yale yale.

"Mama, sisi hatuna mtu kama huyo. Pengine ametoroka na bibi mwingine."

Walicheka wakisema hivyo. Phelis aliwachukia mpaka akaogopa moyo wake mwenyewe.

Walichokitaka polisi ni jina la aliyempa Ombati zile habari. Jina hilo walilijua wawili tu, mume na mke. Alikuwa Mokaya, kaka yake Phelis, kibarua wa wapimaji wa mashamba.

Alasiri moja mvua ya mawe ilianguka, na katikati ya kelele za mabati Phelis akasikia anaitwa kutoka nyuma ya jiko. Ilikuwa sauti ya Ombati, na kikohozi chake kile kile. Alitupa mwiko akatoka mbio. Hakukuta mtu, ila migomba iliyochanwa na mvua. Aliporudi ndani, sauti ilikuwa ukutani.

"Phelis, nani alinipa zile habari? Nimesahau jina lake."

Ombati angemsahauje shemeji aliyesimama naye siku ya harusi?

Tangu siku hiyo, kila mvua iliponyesha sauti ilikuja. Ilijua kila kitu cha nyumba ile, hata jina la mtoto wao aliyefariki akiwa mchanga. Ililia, ikasema inapigwa, ikasema ikipewa jina moja tu itaachwa irudi nyumbani, na Yunia, binti yao mdogo, alipoitika "Baba!" alianguka pale pale na homa iliyokataa dawa zote, akawa hali wala hanywi hata uji, na Phelis, amempakata mtoto anayewaka, harufu ya gundi imemjaa kooni, alijikuta siku moja amefungua mdomo na kusema "Mo—", akauma ulimi wake mpaka damu ikatoka.

"Mama Yunia, hiyo si mtu," Gathoni alimnong'oneza. Gathoni alikuwa jirani yake, mwenye duka pale stendi. "Ni jini. Tafuta wa kuitoa, hata kama pasta atakasirika."

Mganga aliitwa Nyambeki, mama mkali asiye na maneno mengi. Alinusa jiko, akatema mate.

"Mwenye nyumba hajulikani kama ni mzima ama amekufa," alisema. "Hapo katikati ndiyo hii kitu inalala. Mzike bwana yako, itakosa pahali."

"Na kama ako hai?"

"Polisi wamekuambia ako hai?"

"Wanasema hawana yeye."

"Basi."

Walizika mgomba uliovishwa koti la Ombati. Phelis alilia kuliko alivyolia siku mumewe alipochukuliwa, kwa sababu mara hii aliona ni yeye anayemuua.

"Akiita tena, usijibu, usifungue," Nyambeki alimwonya. "Ukifungua, itachukua huyu mtoto."

Harufu ikaisha. Yunia akaanza kula. Mvua zilinyesha na kukatika, na nyumba ikanyamaza.

Jioni moja kavu, jua likiwa bado juu kidogo ya vilima, mlango wa mbele uligongwa.

"Phelis. Ni mimi. Nifungulie."

Alimvuta Yunia, akamziba mdomo kwa leso, wakajikunyata chini ya meza, na sauti kule nje ikaomba maji, ikasema miguu imekwisha, ikamtaja mtoto kwa jina la kumbembelezea, ikasema Phelis, mke wangu, jua linazama, tafadhali, jua linazama, na yeye akatikisa kichwa gizani huku machozi yakimtiririka, akijiambia hata yule wa kwanza alilia hivi hivi, mpaka miguu ikasikika ikijikokota kuelekea barabarani, kisha gari likasimama, mlango wake ukabamizwa, likaondoka. Phelis alipiga magoti, akamshukuru Mungu.

Asubuhi Gathoni alifika na mkate na sukari, uso wote unang'aa.

"Mama Yunia, Mungu ni mkubwa! Baba Yunia si alishuka kwa basi jana! Mimi mwenyewe nilimshika mkono. Amekonda, lakini ni yeye. Hata chai alikataa. Alisema wamemwachilia na amri: jua likizama kama hayuko ndani ya nyumba yake, wanamrudisha, na hatatoka tena. Alifika mapema?"

Phelis alishika fremu ya mlango. Yule wa jana hakuuliza jina la mtu. Maskini, aliomba maji, na kufunguliwa. Alifungua mdomo apige kelele, dunia nzima isikie.

Nyuma yake, chumbani, kitanda kililia, na harufu mbichi ya gundi ikatoka huko. Mtu akakohoa.

"Nimefika, Gathoni," ikasema sauti ya Ombati. "Karibu ndani."

Gathoni alicheka kwa furaha, akavua viatu vyake mlangoni, akampita Phelis na kuingia.